Nguzo moja ya umeme: kisa cha mzee wa Hombolo na dawa ya kufungua mishipa

Binti aliingia dukani kwetu saa nne asubuhi, cheti mkononi, fedha zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alitaka boksi la pili la silostazoli ya miligramu 100 kwa ajili ya baba yake, kidonge kimoja kutwa mara mbili. Boksi la kwanza lilikuwa limekwisha juzi yake. "Dokta, hii ndiyo inayofungua mishipa," aliniambia. Mbuzi wawili walikuwa wameshauzwa kwa ajili ya dawa hiyo, na wa tatu alikuwa ameshapata mteja. Nikamuuliza mzee anaendeleaje. Akasema miguu ina nafuu kidogo, ila kichwa kinamgonga, na usiku moyo unamwenda mbio mpaka anaamka. "Lakini tumeambiwa tuvumilie, dawa inapambana na mishipa."

Mimi ni mfamasia hapa Dodoma mjini. Nakieleza kisa hiki kwa ridhaa ya mzee na binti yake, majina nimeyaacha. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kila mara anakuja mtu kuulizia dawa ya kusukuma damu miguuni, na karibu wote hawajaambiwa kwamba kabla ya kuimeza dawa hiyo, kitu cha kwanza kuangaliwa ni moyo.

Mzee ana miaka 66, anaishi Hombolo, nje ya mji, ana shamba la zabibu analolihudumia kwa mikono yake. Sigara alianza akiwa kijana, na ugoro akauongeza ukubwani. Shinikizo la damu alijulikana kuwa nalo miaka tisa iliyopita, na tangu hapo anatumia amlodipini. Kisukari hana. Tatizo la miguu lilianza taratibu, na namna alivyolieleza ndiyo iliyonifanya nimpende kabla hata sijamwona, maana mzee huyu hasemi mita wala dakika, anasema nguzo. Kutoka nyumbani kwake kwenda dukani kuna nguzo za umeme kandokando ya barabara. Zamani alifika dukani bila kusimama. Baadaye shavu la mguu wa kushoto likaanza kumbana kwenye nguzo ya tano, kisha ya nne. Wakati binti anakuja kwetu, mzee alikuwa anasimama kwenye nguzo ya pili. Anasimama wima tu, hata hakai, anaangalia barabara kama mtu anayesubiri pikipiki. Dakika mbili au tatu maumivu yanakwisha, anatembea nguzo mbili nyingine, anasimama tena.

Mtu akikueleza hivyo, nusu ya kazi ya uchunguzi ameshaimaliza. Msuli unaotembea unadai damu nyingi kuliko msuli uliotulia. Ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, ikiwa imefinywa na mafuta na chokaa iliyojijenga ukutani, damu inayopita inatosha kwa mguu uliotulia lakini haitoshi kwa mguu unaofanya kazi, kwa hiyo maumivu huja umbali uleule na huondoka mtu akisimama. Maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu, hayana hesabu ya namna hiyo. Yanawaka hata mtu akiwa kitandani. Yale ya uti wa mgongo nayo mara nyingi hayatulii kwa kusimama tu, mpaka mtu akae au ainame.

Na hapa ndipo ninapoumia. Miezi sita kabla, mzee alikuwa amepelekwa mahali ambapo sitapataja, akaambiwa ni neva. Akapewa vitamini B na sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, kisha vidonge vyake aendelee navyo nyumbani. Binti alikuwepo, na anakumbuka vizuri kwamba hakuna aliyemwambia baba yake avue viatu. Kupapasa mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani ni kazi ya vidole viwili na nusu dakika. Haihitaji umeme wala bima.

Diklofenaki ikamchoma tumbo, akaongezewa omeprazoli ya kupunguza asidi. Miguu ikazidi. Mahali pengine wakamsikiliza vizuri zaidi, wakatambua kwamba miguu haipati damu, wakamwandikia silostazoli. Utambuzi ule ulikuwa sahihi, na daktari yule namheshimu kwa hilo. Ila cheti kipya kilikuja juu ya vile vya zamani na hakuna kilichopunguzwa. Nilipomwomba binti anionyeshe kila anachokunywa baba yake, alimimina mfuko wa kitambaa juu ya kaunta: amlodipini, diklofenaki, omeprazoli, vitamini B, na karatasi tupu za silostazoli. Vilikuwa vimeandikwa na watu watatu ambao hawajawahi kuzungumza.

Kilichonishtua kwanza ni omeprazoli. Silostazoli husagwa na vimeng'enya vya ini, na omeprazoli inakizuia kimojawapo. Matokeo yake, zao moja la silostazoli lenye nguvu mwilini huongezeka kwa asilimia 69 hivi, na ndiyo maana maelekezo ya dawa yanataka dozi ishushwe hadi miligramu 50 kutwa mara mbili kwa mtu anayetumia vyote viwili. Mzee alikuwa anameza dozi kamili. Kichwa kugonga na moyo kwenda mbio ni maudhi yanayojulikana ya silostazoli hata kwa dozi ya kawaida, sembuse hiyo. Ningeweza kuishia hapo, nikapiga simu dozi ipunguzwe, nikauza boksi.

Lakini nilikuwa na swali ambalo huwa namuuliza kila anayekuja na cheti cha dawa hii. "Mzee analala na mito mingapi?"

Binti alishangaa. "Mito? Baba siku hizi halali chini kabisa. Ameweka gunia la pumba kitandani, anaegemea. Anasema akilala chali pumzi inakata."

"Na miguu, inavimba?"

"Jioni viatu haviingii. Tulifurahi, tukajua damu sasa imeanza kushuka miguuni."

Sentensi hiyo ya mwisho imebaki kichwani kwangu. Familia nzima ilikuwa inautazama uvimbe unaoletwa na moyo unaolemewa, inaona ni dawa imefanya kazi.

Sikuuza lile boksi. Haikuwa rahisi, kwa sababu binti alikuwa ametoka Hombolo alfajiri, na nyumba ya tatu kutoka kwao kuna mama aliyekatwa mguu. "Kwa hiyo baba naye akatwe?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilimweleza kwamba hii si dawa ya kuokoa mguu usikatwe, ni dawa ya kumwongezea mtu mwendo. Na kama moyo wa mzee umechoka, kama ninavyohofia, dawa hiyo inaweza kumdhuru kabla hajafika nguzo ya tatu. Nikampigia daktari aliyeandika cheti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akasema mzee asimeze tena hata kidonge kimoja cha silostazoli wala cha diklofenaki, na aletwe kesho yake.

Kwa nini moyo? Silostazoli ilianza kutumika Japani mwaka 1988, na Marekani ikaidhinishwa mwaka 1999. Inazuia kimeng'enya kinachoitwa fosfodiesterasi ya 3. Kikizuiwa, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hazishikani kwa urahisi, na misuli ya ukuta wa ateri inalegea, njia ikapanuka. Hayo ndiyo tunayoyataka mguuni. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hichohicho kipo pia kwenye msuli wa moyo, na kukizuia huko ni kama kumchapa fimbo ng'ombe aliyechoka: atakwenda mbio kwa muda. Dawa nyingine ya ukoo huohuo, milrinoni, iliwahi kutolewa kwa vidonge kwa wagonjwa wenye moyo ulioshindwa sana, kwa matumaini makubwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 1991, wenye wagonjwa 1,088, ulionyesha kwamba waliopewa milrinoni walikufa zaidi, kwa asilimia 28, kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Silostazoli haijathibitishwa kuua kwa namna hiyo. Lakini kwa sababu ya undugu huo, onyo lake limeandikwa tangu ilipoidhinishwa Marekani: asipewe mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, kwa kiwango chochote kile. Hakuna anayetaka kujaribu bahati kwa ajili ya mwendo wa miguu.

Na mwendo wenyewe ni kiasi gani? Hili watu hawaambiwi. Tafiti zikijumlishwa pamoja, anayetumia silostazoli humzidi asiyetumia kwa mita 26 hivi kabla maumivu hayajaanza, na kwa mita 40 hivi kabla hajalazimika kusimama. Siku nilipokwenda kumtembelea mzee nilipima kwa hatua umbali kati ya nguzo zake. Ni kama mita 40. Kwa hiyo mbuzi wawili, kwa wastani, walikuwa wamenunua nguzo moja. Siidharau nguzo moja. Kwa mtu ambaye choo kipo nguzo moja kutoka mlangoni, ni heshima yake. Ila familia ilistahili kujua kabla ya kuuza mbuzi.

Wakubwa wa dunia wenyewe hawajakubaliana kuhusu dawa hizi. Miongozo ya Marekani bado inaipa silostazoli nafasi ya juu kwa wenye maumivu ya kutembea wasio na tatizo la moyo, na inakataza pentoksifilini, dawa nyingine ya tatizo hilohilo, kwa kuwa faida yake haionekani. Uingereza, mwaka 2011, waliiweka kando silostazoli wakachagua naftidrofurili, nayo ya kuongeza mwendo. Mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2013 ilibana masharti: itumike tu pale ambapo kuacha tumbaku na mazoezi havikutosha, mgonjwa aangaliwe tena baada ya miezi mitatu, na kama hakuna nafuu ya maana iachwe. Mwaka huohuo mamlaka hiyo ilisema diklofenaki isitumiwe kwa wenye moyo kushindwa, wala kwa wenye ateri za miguu zilizosinyaa. Mzee alikuwa na yote mawili, na alikuwa ameimeza kwa miezi sita.

Kesho yake walikuja wote wawili. Mzee aliingia akiwa amevaa koti zito juani, akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nami nikampa shikamoo yake. Hospitalini walimpima kwa dopla ndogo ya mkononi, kifaa cha kusikilizia damu ikipita kwenye mshipa, kipimo ambacho ningetamani kila kituo cha afya kiwe nacho. Unafunga mkanda wa presha mkononi, unasikiliza; unaufunga juu ya kifundo cha mguu, unasikiliza; kisha unagawanya. Mkononi presha ya juu ilikuwa 138. Mguu wa kulia 116, ambayo ukigawanya ni 0.84. Mguu wa kushoto 76, yaani 0.55. Chini ya 0.9 ni ateri zilizosinyaa, kwa hiyo miguu yote miwili ilikuwa na ugonjwa, wa kushoto ukiwa umetangulia sana. (Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kupata namba nzuri kwa uongo, kwa sababu ateri zake zimekakamaa kama bomba na mkanda hauzibani, namba ikizidi 1.4 isimfurahishe mtu.) Kisha eko, kipimo cha kuutazama moyo kwenye skrini kwa mawimbi ya sauti. Kila pigo lilikuwa linasukuma nje asilimia 35 tu ya damu iliyomo chumba cha kushoto, wakati moyo wenye afya husukuma zaidi ya 50.

Kwa hiyo silostazoli iliondoka moja kwa moja. Diklofenaki iliondoka, na wiki mbili baadaye tumbo likawa limetulia, omeprazoli nayo ikaondoka. Amlodipini ilibadilishwa na enalaprili, inayoshusha presha na kumpunguzia moyo mzigo kwa pamoja. Furosemidi ya kutoa maji. Kavediloli, ya kumtuliza moyo, ikaongezwa baadaye, kwa dozi ndogo inayopanda polepole. Na kwa ajili ya ateri zenyewe: aspirini ya miligramu 75 na atovastatini ya 40.

Binti alivitazama vidonge vya aspirini, akanitazama mimi. "Hivi vya bei rahisi ndivyo?"

Ndivyo. Ateri ikisinyaa mguuni, mara nyingi haiko peke yake. Ya moyo na ya ubongo nazo ziko katika hali hiyohiyo. Mgonjwa wa aina hii hufa kwa moyo au kiharusi mara nyingi kuliko anavyopoteza mguu. Aspirini inapunguza uwezekano wa bonge la damu kuganda mahali paliposinyaa. Dawa za kundi la statini, kama hiyo atovastatini, zinatuliza yale mafuta ukutani yasipasuke. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2002, wenye watu 20,536, ambao zaidi ya 6,700 kati yao walikuwa na ugonjwa huu wa miguu, ulionyesha simvastatini ya miligramu 40 ikipunguza mashambulizi ya moyo, viharusi na upasuaji wa mishipa kwa karibu robo. Hakuna kinachosikika mguuni mtu akimeza kidonge hicho, na ndiyo sababu watu wanakiacha. Silostazoli inagonga kichwa, inasikika, kwa hiyo inaaminika. Daktari aligusia pia rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 2.5 pamoja na aspirini, ambayo inapunguza hatari ya kukatwa mguu, lakini kwa gharama yake na hatari ya kutokwa damu akaona isubiri.

Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa kutembea. Baada ya wiki tatu, maji yamepungua na mzee analala kitandani kama watu wengine, daktari aliruhusu aanze. Nilipewa kazi ya kumweleza. "Mwanangu," aliniambia taratibu, "mguu unauma nikitembea, na wewe unaniambia nitembee?" Nikamjibu ndiyo, mzee wangu, na tembea mpaka mguu uanze kuuma. Ndivyo tiba hii inavyofanya kazi: unatembea mpaka maumivu yawe ya kati au makali kidogo, unasimama yatulie, unaanza tena, nusu saa mwanzoni na dakika 45 baadaye, angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 bila kukatisha. Msuli unajifunza kutumia vizuri damu kidogo unayoipata, na vijishipa vya pembeni vinapata sababu ya kupanuka. Tafiti zikijumlishwa, mazoezi haya yanaongeza mita 120 hivi za mwendo wote. Hizo ni nguzo tatu. Wala hayaulizi moyo ulioshindwa maswali magumu, ilimradi umetulizwa kwanza kwa dawa na mgonjwa anajua kwamba pumzi ikikata au kifua kikibana, anaacha.

Mjukuu wa darasa la tano alipewa daftari. Walikuwa wanatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua na upepo wa Dodoma havijaanza kazi yao, na mjukuu anaandika nguzo aliyosimamia babu. Nimeliona daftari hilo. Wiki ya kwanza ni 2, 2, 2. Wiki ya tatu kuna 1, na pembeni ameandika "babu alikasirika". Wiki ya sita 3. Wiki ya tisa kuna siku mbili hazina kitu kwa sababu ya msiba, kisha 4. Wiki ya kumi na mbili, 5.

Tulipompima tena kwa dopla, mguu wa kushoto ulikuwa 0.57. Yaani ateri ilikuwa palepale iliposinyaa, hakuna kilichofunguka. Kilichobadilika ni mguu ulio chini yake. Neno "kufungua mishipa" ndilo lililoipotosha familia hii, na nadhani linapotosha wengi, kwa kuwa hakuna kidonge kinachokwangua ateri ikabaki kama ya kijana. Kufungua kweli ni kwa puto na waya au kwa upasuaji, na huko mzee hajafika. Atapelekwa mara moja ikiwa mguu utaanza kumuuma usiku akiwa amelala mpaka autoe nje ya kitanda uning'inie, au kidonda kikigoma kupona, au kidole kikibadilika rangi. Na mguu ukipoa ghafla, ukawa mweupe na wenye ganzi, hapo ni suala la saa chache. Binti anajua asisubiri kuche.

Sigara mzee aliiacha siku ileile ya eko, baada ya kuona moyo wake kwenye skrini. Ugoro bado. Anasema ameupunguza, binti anasema sivyo, na nikotini iliyomo humo inabana ateri zilezile. Tunaendelea kuzungumza.

Wiki iliyopita binti alipita kuchukua atovastatini ya mwezi. Akaweka juu ya kaunta karatasi moja ya silostazoli iliyokuwa imeangukia nyuma ya kabati, vidonge vinne bado vimo, akaniuliza kama anaweza kumpa mama mmoja jirani ambaye naye miguu inambana akienda kisimani. Nikavichukua nikavitia kwenye chombo cha dawa za kuteketezwa. Nilimwomba amlete yule mama Jumatatu, avae viatu rahisi kuvua.